Tepu inasema mzima, mkono unasema dhaifu: kupima misuli na nguvu za wazee kliniki

Kliniki_ya_Jumanne:

Habari za kazi wadau. Naomba msaada wa walio kwenye tiba ya viungo, lishe na uuguzi wa wazee.

Tunataka kila mwenye miaka 60 na zaidi anayekuja kliniki ya presha na sukari apimwe pia misuli na nguvu. Vifaa vilivyopo: kipima nguvu ya mkono cha haidroliki, aina ya Jamar yenye mshale, tepu ya fundi cherehani, kiti cheupe cha plastiki, saa ya simu, na mizani ya umeme ya kusimamia inayotoa "asilimia ya misuli". Mashine ya DXA (eksirei inayopima mifupa, mafuta na nyama ya mwili) haipo, na kumpa mzee rufaa kwa ajili ya hiyo tu ni kumtia hasara ya nauli.

Majibu yanagongana. Mifano miwili:

Bibi, miaka 74, kilo 70, urefu sm 156. Mkono wa kulia kilo 15, wa kushoto 13. Kusimama na kukaa mara tano, sekunde 19. Lakini mzunguko wa shavu la mguu ni sm 35.5, na jedwali la Asia linataka mwanamke awe chini ya 33 ndipo ahesabiwe amepungua. Miguu huvimba kidogo.

Babu, miaka 81, kilo 49, sm 165, mgongo umepinda. Shavu la mguu sm 31, yaani chini ya 34 ya wanaume. Ila mkono kilo 29 na kiti sekunde 13.

Kwa tepu, bibi mzima na babu mgonjwa. Kwa mkono, kinyume chake. Nifuate kipi? Viwango vya Ulaya au vya Asia? Na hiyo mizani nayo iaminiwe?

Fizio_Pwani:

Mkuu, anza na nguvu. Wingi wa misuli uje baadaye. Mwongozo wa Ulaya wa 2010 ulifanya misuli iliyopungua kuwa sharti la kwanza, lakini toleo la 2019 liligeuza mpangilio: nguvu ikiwa chini unashuku sarkopenia (misuli kuisha na kudhoofika, hasa uzeeni), ikithibitika kwamba misuli yenyewe imepungua, hapo ndipo unaiita sarkopenia, na mwendo nao ukiwa mbovu, ni sarkopenia kali. Kuna sababu. Wazee wa miaka ya 70 waliofuatiliwa Marekani walikuwa wakipoteza nguvu za miguu kiasi cha asilimia 3 kwa mwaka, wakati nyama ya mguu ilipungua asilimia 1 hivi. Nguvu hutangulia kuondoka, tepu inabaki nyuma.

Kabla ya kugombania viwango, hakikisha namba ya mkono ni ya kweli. Utaratibu unaotumika sana ni huu wa Southampton. Mzee akae kwenye kiti chenye mikono, mgongo umeegemea, nyayo zote chini. Kigasha kilale juu ya mkono wa kiti, kifundo cha mkono kipite ukingo kidogo, dole gumba litazame juu. Mshikio uwe tundu la pili kati ya matano. Wewe beba uzito wa kifaa kwa kiganja chako chini ya saa yake (uso wenye namba na mshale), bila kukibana. Rudisha mshale wa kumbukumbu kwenye sifuri. Kisha mhimize kwa sauti, "kaza, kaza, kaza zaidi!", mpaka mshale ukome kupanda, halafu "achia". Kulia, kushoto, kulia, kushoto, hadi kila mkono upate mara tatu. Unachukua iliyo kubwa kuliko zote sita. Usichukue wastani, maana viwango vilivyotungwa kwa namba kubwa vikilinganishwa na wastani vitamwonea mzee.

Makosa yanayojirudia:

Saa ina duara mbili, moja ya kilo na moja ya paundi. Kilo 16 ni paundi 35 hivi. Ukiona bibi dhaifu wa kusaidiwa kusimama ana "38", rudi uangalie umesoma duara gani. Alama za kilo zenyewe zinaruka mbilimbili, kwa hiyo weka jicho sawa na saa usome hadi kilo moja ya karibu.

Mshale haukurudishwa, mgonjwa wa pili akarithi namba ya wa kwanza. Hili hutokea zaidi foleni ikiwa ndefu.

Mzee anakandamiza kifaa kwenye paja au mkono wa kiti ili apate msaada. Au kiwiko kinaruka nje. Rudia.

Pete, mikono yenye mafuta au maji, vidole vyenye baridi yabisi. Pete ivuliwe, mikono ikaushwe, maumivu yaandikwe. Aliyepooza upande mmoja apimwe mkono mzima tu, na iandikwe hivyo.

Kwa kuwa hiyo ni kliniki ya presha: pima presha kwanza, mkono baadaye. Kukaza kwa nguvu huku umebana pumzi kunapandisha presha, na utamwongezea mtu dawa kwa sababu ya kipimo chako mwenyewe.

Mwisho, kifaa chenyewe. Vya haidroliki vikivuja mafuta husoma chini, tena kwa kila mtu, na ghafla kliniki nzima inakuwa dhaifu. Pima dumu la lita 20 lenye maji kwenye mizani unayoiamini, funga mkanda mpana katikati ya mshikio, ning'iniza taratibu ili uzito uvute upande uleule vidole vinakovuta. Kama dumu lina kilo 21 na saa inasema 17, acha kupima watu, peleka kifaa kwa fundi wa vifaa tiba. Rudia na dumu la lita 10 pia, maana kifaa kinaweza kuwa sahihi juu kikadanganya chini, na wazee wenu wengi wako huko chini.

Kama mna kile cha springi badala ya haidroliki, mkao unabadilika: mtu anasimama, mkono umenyooka ubavuni. Na vile vya puto la kubinya hutoa kilopaskali. Haviingii kwenye jedwali la kilo kwa namna yoyote.

Mama_Mazoezi:

Nashikilia hapo kwenye kiti, maana sekunde 19 za bibi zinaweza kuwa za kiti na si za bibi.

Kiti cha kipimo kina urefu wa sm 43 toka sakafuni hadi pa kukalia, hakina mikono, hakibonyei. Kiti cha plastiki kina makosa matatu kwa pamoja: pa kukalia pameinamia nyuma, miguu hupanuka ukikaa kwa uzito, na mikono yake inamwita mzee aishike. Juu ya vigae kinateleza pia. Kigoda ndiyo kabisa, kila sentimita unayoshusha inaongeza kazi ya mapaja. Mpe seremala vipimo, akuchongee kiti cha mbao cha sm 43 bila mto, kikae kimeegemea ukuta siku zote.

Mzee avuke mikono kifuani. Kwanza asimame mara moja tu bila kushika. Akishindwa, hapo umemaliza: andika "hawezi bila mikono", na hilo ni jibu zito kuliko sekunde zozote. Akiweza, sema "anza" akiwa amekaa, bonyeza saa hapohapo, na uisimamishe akisimama wima mara ya tano. Wapo wanaosimamisha anapokaa mara ya tano. Sekunde moja na nusu inaweza kupotea hapo, na mstari wa uamuzi uko karibu. Asiponyoosha magoti na nyonga kabisa haihesabiwi. Ikipita dakika moja, mwambie apumzike. Wewe simama ubavuni, si mbele kwa meza na kalamu.

Mistari: Ulaya, zaidi ya sekunde 15 ni nguvu ndogo. Asia, 12 au zaidi. Uchunguzi wa awali wa Shirika la Afya Duniani kwa wazee unatumia 14. Goti linalouma liandikwe, kwa sababu osteoathraitisi (viungo kulika) hutoa sekunde nyingi hata misuli ikiwa mizuri.

Ongeza mwendo wa mita 4. Unahitaji chaki tu. Chora mstari wa kuanzia na wa kumalizia, na mwambie apite mstari wa pili, asisimame juu yake, la sivyo ataanza kupunguza mwendo mita ya tatu. "Tembea kama unavyokwenda dukani." Usiseme "haraka". Mara mbili, chukua iliyo fupi. Sekunde 5 au zaidi maana yake ni mita 0.8 kwa sekunde au chini, ndiyo alama ya Ulaya ya mwendo mbovu. Fimbo anayotumia siku zote aende nayo. Kandambili iliyolegea avue, maana vidole vinakuwa na kazi ya kuishika isichomoke na hatua inafupika.

Lishe_na_Wazee:

Nichukue tepu.

Tepu ya fundi cherehani hunyooka kwa kutumika, na iliyonyooka husoma *chini* ya ukweli. Ilaze juu ya futi ya chuma ya seremala, linganisha kwenye 30 na 40. Angalia pia sifuri yake iko wapi, kwani nyingine huanza kwenye ncha ya bati, nyingine baada ya bati.

Mzee akae, goti pembe mraba, nyayo bapa, miguu imeachana kiasi cha sm 20. Mguu uwe wazi. Suruali iliyokunjwa juu hubana na kusukuma nyama chini. Soksi huacha mfereji. Pandisha na kushusha tepu hadi upate mahali penye unene kuliko pote, ikae mlalo kuzunguka mguu, iguse ngozi bila kuibonyeza. Miguu yote miwili, chukua mkubwa.

Sasa uvimbe. Bonyeza kwa dole gumba kwenye mfupa wa muundi, juu kidogo ya kifundo, sekunde kadhaa. Shimo likibaki, sogea juu ubonyeze tena. Likifika usawa wa shavu la mguu, tepu iweke mfukoni, huo si unene wa misuli ni maji. Na kliniki yenu ni ya presha: amlodipini ni dawa inayovimbisha miguu ya watu wengi, kwa hiyo swali la kwanza kwa bibi ni anatumia dawa gani, na la pili apimwe asubuhi kabla miguu haijaning'inia siku nzima.

Hata bila uvimbe, mafuta chini ya ngozi yanampendelea mnene na kumwonea mwembamba. Kuna marekebisho yaliyochapishwa 2021 kutokana na takwimu za Marekani: uzito kwa urefu mraba ukiwa 25 hadi 29.9, toa sm 3. Ukiwa 30 hadi 39.9, toa 7. Ukiwa 40 kwenda juu, toa 12. Ukiwa chini ya 18.5, ongeza 4.

Bibi: 70 gawa kwa 1.56, kisha tena kwa 1.56, unapata 28.8. Toa 3, anabaki na sm 32.5. Yuko chini ya 33. Tepu na mkono havigombani tena.

Babu: 49 gawa kwa 1.65, kisha tena kwa 1.65, ni 18.0. Ongeza 4, anafika 35. Yuko juu ya 34, na mkono wake ulikuwa umeshasema hivyo.

Ila babu usimwachie. Mgongo uliopinda unaufanya urefu uwe mfupi na uzito uonekane afadhali kuliko ulivyo. Pima urefu wa goti: amelala au amekaa, goti pembe mraba, toka chini ya kisigino hadi juu ya paja mara baada ya goti. Kwa mwanamume urefu ni 64.19, toa 0.04 mara umri, jumlisha 2.02 mara sentimita za goti. Kwa mwanamke ni 84.88, toa 0.24 mara umri, jumlisha 1.83 mara goti. Tuseme goti la babu ni sm 53: unapata sm 168, na uzito wake kwa urefu unashuka hadi 17.4. Milinganyo ilitokana na wazee wa Marekani, kwa hiyo ni makadirio, lakini mwelekeo uko wazi. Babu hana sarkopenia, ana njaa au ana ugonjwa unaomla. Uliza nguo zimeanza kumpwaya lini, meno, kikohozi, anakula na nani. Kifua kikuu na sukari viangaliwe kabla ya kumpa ushauri wa mayai na maharage.

Kliniki_ya_Jumanne:

Asanteni sana. Nimepima kiti: sm 39 tena kinabonyea. Kwa hiyo zile 19 nazifuta, tutarudia. Saa tulisoma duara la kilo, na namba niliyoandika ni iliyo kubwa kati ya mara tatu za kila mkono. Bado mizani, na Ulaya dhidi ya Asia.

Fizio_Pwani:

Ulaya dhidi ya Asia kwa hawa wawili ni ugomvi bila sababu. Mkono, Ulaya: mwanamume chini ya 27, mwanamke chini ya 16. Asia: chini ya 28 na chini ya 18. Bibi mwenye 15 ameanguka pande zote mbili, babu mwenye 29 amepita pande zote mbili. Wanaobishaniwa ni wanawake wa kilo 16 na 17 na wanaume wa 27 tu. Viwango vya Ulaya vilichorwa kutoka kwa Waingereza vijana, vikashushwa mikengeuko sanifu miwili na nusu, na mwongozo wenyewe unasema jamii yenye viwango vyake ivitumie. Chagua kimoja, kiandike juu ya fomu, usichanganye mkono wa Ulaya na kiti cha Asia ndani ya ripoti moja.

Na kwa kazi ya kliniki, nguvu ndogo peke yake inatosha kuanza kutafuta sababu na kuanza mazoezi. Bibi hasubiri DXA.

Umeme_wa_Mwili:

Mizani ya kusimamia hupitisha umeme mdogo toka mguu mmoja hadi mwingine. Misuli yenye maji huupitisha vizuri, mafuta huukwamisha. Kile inachopima kweli ni ukinzani, kwa omu. "Asilimia ya misuli" ni hesabu ya kampuni iliyojificha ndani, iliyochanganywa na umri, jinsia na urefu ulioingiza. Ukikosea umri kwa miaka kumi, misuli inabadilika wakati mtu amesimama palepale.

Umeme huo hupita zaidi miguuni, kwa hiyo mikono na kiwiliwili vinakisiwa. Bibi mwenye miguu yenye maji atapewa misuli asiyo nayo. Kisigino chenye magaga makavu kinafanya mguso mbovu. Futa nyayo kwa kitambaa chenye unyevu. Mzee awe amekwenda haja ndogo, hajala karibuni, hajatembea kilomita tatu kuja kliniki kisha akapanda mizani papo hapo. Mwenye kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo kifuani asipande kabisa.

Kama mtapata kifaa cha elektrodi nne, mkono na kifundo cha mguu, kinachoonyesha omu kwa kilohezi 50, hapo mnaweza kukokotoa wenyewe kwa mlinganyo wa Janssen wa 2000: urefu kwa sentimita uzidishe kwa wenyewe, gawa kwa ukinzani, zidisha 0.401, mwanamume jumlisha 3.825, toa 0.071 mara umri, jumlisha 5.102. Mwanamke wa miaka 70, sm 160, omu 550: kilo 18.8. Hapa wengi hujikwaa: hiyo ni misuli ya mwili mzima. Ile mistari ya Ulaya ya kilo 20 kwa wanaume na 15 kwa wanawake ni ya mikono na miguu tu. Ukilinganisha 18.8 na 15 umempa mtu uzima wa bandia.

Wala msiione DXA kama mwamuzi wa mwisho. Inahesabu nyama isiyo mafuta, na maji ya uvimbe yamo humo.

Kwa hiyo mizani yenu itumieni kupimia kilo. Asilimia msiandike kwenye faili, maana mwaka kesho mtu ataiona na kuiamini.

Kliniki_ya_Jumanne:

Nimeelewa. La mwisho: foleni ni ndefu, siwezi kumpima kila mtu yote haya. Yale maswali matano ya SARC-F yanafaa kuchuja? Na turudie baada ya muda gani?

Mama_Mazoezi:

Yanafaa kwa tahadhari. Matano ni: kubeba mzigo wa kilo 4.5, kutembea upande hadi upande wa chumba, kuinuka kitini au kitandani, kupanda ngazi kumi, na kuanguka mwaka uliopita. Kila moja 0 hadi 2, jumla 4 au zaidi ni ya kufuatilia. Mzigo mwonyeshe: dumu la lita 5 lililopungua nusu lita. Kuanguka: hakuna ni 0, mara 1 hadi 3 ni 1, mara 4 au zaidi ni 2, na "niliteleza tu" ni kuanguka vilevile. Anayeishi nyumba ya chini hajui ngazi; ukimuuliza mlima badala yake, andika kwamba swali limebadilishwa. Muulize mwenyewe, si binti aliyemleta.

Tatizo lake ni kwamba hukamata walioharibika na kuwapita wengi walio njiani. Ndiyo maana ningepunguza maswali na kubakiza mkono kwa kila mtu. Mara sita ni dakika nne, anaweza kupimwa na mhudumu yeyote aliyefundishwa wakati mzee anasubiri dawa. Walio chini ya mstari ndio waende kwenye kiti, mita 4 na tepu.

Kurudia: wiki 12 baada ya kuanza mazoezi, si mapema. Mkono ukiongezeka kilo 2 usishangilie, hiyo ni kelele ya kipimo. Kilo 5 na zaidi ndiyo ya kusemea. Kiti huonyesha mabadiliko mapema, mradi kiti kiwe kilekile. Kwa hiyo mstari wa faili ubebe mazingira yake, kwa mfano wa bibi:

"Kulia 14, 15, 15. Kushoto 12, 13, 13. Tundu la 2, amekaa, saa 3 asubuhi, baada ya presha. Kiti sm 43: itarudiwa. Shavu la mguu kulia 35.5, uvimbe: kifundoni tu / umefika shavuni (kata moja). Dawa: ________."

Hilo la dawa usiache wazi.